Bamia za Kaskazi

Jembe lilimpata mbuzi shingoni, chini ya sikio, naye akaanguka juu ya bamia na majani bado mdomoni. Nikampiga tena. Pigo la pili halikuwa na haja, lakini mikono ilikuwa imeshatangulia. Damu ilinirukia kanga, ikamrukia usoni mwanangu wa kiume, naye akabaki amesimama na kopo lake la kumwagilia, hakulia. Aliyekuwa akilia ni dada yake wa miaka sita, ameketi kwenye tuta la nyanya, ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimepinda upande ambao vidole havipindi.

Nyuma yake alisimama ami wa mume wangu, mwenye mbuzi, na bakora mkononi.

"Umeniulia mbuzi," akasema.

"Nilimfikia yeye kwanza," nikamwambia, nikamwendea na jembe.

Walionishika ni wanawake wawili waliokuwa wakiteka maji kisimani. Mmoja nilimng'ata. Mpaka leo tukikutana hunionyesha alama mkononi na kuniuliza kama nimeshakula.

Bustani ile ilikuwa ya sisi watatu, mimi na wanangu. Bendera ya uhuru ilikuwa mpya, na redio ya jirani kila jioni ilihimiza watu warudi shambani. Mimi nilizaliwa Mombasa, nikasoma sekondari mpaka nilipoozwa, na kabla ya kuletwa Msambweni sikuwa nimeshika jembe ila kulisogeza nifagie. Mume wangu alikuwa bandarini, akija mwisho wa mwezi. Watoto walitaka kulima, nami nikaona heri wachafuke kuliko wazurure.

Tulikosea kila kitu. Mchicha tuliumwaga kama mtu anayetia chumvi, ukaota umebanana kama nywele. Wa kiume, miaka minne, kila asubuhi aling'oa mche mmoja wa kunde atazame kama umeshapata mizizi, kisha akaurudisha shimoni na kuupapasa. Tulimwagilia jua likiwa utosini mpaka nyanya zikababuka majani. Lakini bamia zilikubali. Binti yangu alizipima kwa vidole vyake kila siku, na siku tuliyopika za kwanza hakutaka kula. Alikaa akizitazama sahanini mpaka zikapoa.

Kosa kubwa sikulijua. Kule, mpunga na mahindi yakishavunwa, mbuzi hufunguliwa kamba, wakala watakapo mpaka mvua zirudi. Mwenye mboga nje wakati huo amewalimia wao, hana wa kumdai. Sisi tulikuwa tumepanda kwa maji ya kisima katikati ya kaskazi. Kijiji kizima kililijua hilo isipokuwa mimi, na ami alipita pale kila siku akienda msikitini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akawatazama wanangu wakichimba, akatabasamu. Hata siku moja hakufungua kinywa kuniambia, mwanangu, hapa mbuzi watafunguliwa.

Walipofunguliwa nilimwendea kwa adabu zote.

"Ami, nakuomba uwafunge mpaka tuchume."

"Mbuzi wangu hawajasoma," akajibu, "lakini wanajua majira. Wewe ulisoma skuli gani?"

Wenziwe wa barazani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kahawa. Nikaizungushia bustani ua wa fito na miba. Mbuzi wakauvunja. Nikaufunga upya, wakauvunja tena, na baada ya hapo nilikuta fito zimekatwa kwa panga. Mbuzi hashiki panga.

Asubuhi ile binti yangu alimtupia mbuzi donge la udongo. Udongo tu. Ami akaushika mkono uliotupa, akauweka juu ya gogo, akaupiga bakora. Sikuhadithiwa na mtu. Niliona kutoka mlango wa jikoni, na kutoka jikoni mpaka kwenye matuta ni mbali kuliko mtu awezavyo kukimbia.

Wazee wa mtaa waliketi baada ya adhuhuri, wakamzungumza mbuzi. Alikuwa na mimba. Alikuwa wa maziwa. Mamake naye alikuwa wa maziwa. Mama mkwe alinikanyaga mguu ninyamaze. Nilipouliza habari ya mtoto, mzee mmoja akasema, "Vidole vya mtoto huunga upesi. Mbuzi haungi."

Wakaamua nilipe mbuzi mwingine, kisha nipige magoti nimwombe ami radhi.

"Mbuzi nitalipa," nikasema. "Magoti yangu hayapati."

Mama mkwe akanizaba kofi mbele yao. Sikumrudishia, na hiyo ndiyo adabu yote niliyokuwa nayo siku ile.

Kesho yake nilimchukua binti yangu, mkono umefungwa vijiti hospitali, tukaenda ofisini kwa chifu. Karani habari alikuwa nazo.

"Kesi ya mbuzi," akasema.

"Ya vidole."

"Mama, mambo ya wakwe humalizwa nyumbani."

"Nyumbani yalimalizwa jana. Nipe karatasi."

Akanipa, nadhani ili nimwondokee. Niliandika nimesimama, na hivi ndivyo nilivyoandika:

Kwa Mheshimiwa Chifu. Mimi ni mama wa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka sita. Namshtaki ami wa baba yake kwa kumpiga bakora na kumvunja vidole viwili vya mkono wa kulia, akiwa ameushikilia mkono huo juu ya gogo ili asikose. Mbuzi nilimuua mimi, na nitamlipa kama wazee walivyoamua. Kuhusu bamia sina dai, nimeambiwa zilipandwa wakati usiofaa. Naomba mshtakiwa aitwe hapa, aeleze ni majira gani ya mwaka ambayo mtoto wa mtu ni halali kuvunjwa. Mtoto nimekuja naye. Yuko nje kwenye benchi, na mkono wake unaweza kutazamwa.