Mikono Miwili ya Kinyozi

Kinyozi wetu alikuwa na maneno mengi kuliko wateja. Lakini hata jua liwake vipi, hakuvaa shati la mikono mifupi, na vifungo alivifunga vyote, hata vya mikononi. Tulimtania kwa kumwita Bwana Harusi. Hatukujua kwamba choa kilikuwa kimetapakaa mikono yote miwili.

Mkewe ndiye aliyemkokota mpaka zahanati, walikokuwa wakijaribu dawa mpya ya kupaka. Daktari alimpa tyubu mbili: yenye kifuniko cheupe apake mkono wa kushoto, yenye kifuniko cheusi apake wa kulia. Moja ilikuwa dawa, nyingine mafuta matupu, na daktari mwenyewe hakujua ipi ni ipi. Alimsihi jambo moja tu, asizichanganye.

Kushoto kukaanza kupona. Kulia, mkono wa kushikia mashine, kukazidi kuwasha, na choa kikaanza kuchungulia nje ya shati mbele ya wateja. Aibu ikamshinda. Akawa anapaka ile nyeupe mikono yote, nyeusi anaikamulia chooni. Mkewe alipomuuliza kama ndivyo alivyoelekezwa, akamjibu kwamba mikono ni yake.

Siku ya kupimwa, mikono yote ilikuwa laini. Daktari alifurahi, akasema basi huenda hata ile nyeusi inatibu. Bwana Harusi, mwenye maneno yote yale, akaishia kuchekacheka na kuaga, roho ikimsuta.

Nje, kwenye benchi, akamkuta Mwalimu amejizongazonga skafu shingoni. Alikuwa mteja wake wa miaka mingi, na siku hizi hakanyagi dukani. Kinyozi alikuwa ameshamsema mtaa mzima kwamba ni bahili, amekimbilia kwa vinyozi wa bei chee.

Mwalimu alipomwona aliinamisha kichwa, kisha akaifungua ile skafu. Choa kilikuwa kimeizunguka shingo, palepale mashine inapopita.

“Nisamehe, fundi,” akasema. “Sijui nimekitoa wapi. Nikaona bora nisije, nisikuharibie wateja.”

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

“Mwalimu, umekitoa kwangu.”

Mwalimu aliitazama mikono ile safi, akacheka kwa upole, akamwambia asijitwishe mzigo usio wake. Alidhani anafarijiwa. Hilo ndilo lililomuuma kinyozi kuliko tusi. Akarudi kugonga mlango wa daktari, na pale mlangoni, Mwalimu akisikia, akaeleza yote: choa alichokificha huku akinyoa watu, tyubu nyeupe mikono yote, nyeusi chooni.

Daktari alivua miwani. Akasema majibu yake hayatahesabiwa tena, na kwamba kidogo tu wangeamini mafuta matupu ni dawa, wakawapa wagonjwa. Hakumgombeza, na kinyozi angependa agombezwe.

Alipogeuka, Mwalimu hakuwa akicheka tena. Alijifunga skafu yake polepole, akasogea mpaka mwisho wa benchi.