Ubani Mbele ya Kompyuta ya Ami

Leo mwalimu katwambia kompyuta za shule zitawekwa mfumo mpya, nikakumbuka alasiri moja nyumbani kwa Ami Salim, mtaani Kuze. Ami alikuwa na disketi za mfumo mpya mkononi, na uamuzi hana.

"Niuweke leo, ama ningoje harusi ipite? Kadi zote za mwaliko zimo humu. Zikifutika je?"

"Mfumo mpya ni kama kuhamia, na nyumba haihamiwi Jumatano," Bibi alisema, akikizungusha chetezo mbele ya mashine.

"Mama, moshi huo utaiua!"

Chumba kilijaa harufu ya udi na ubani. Mimi nikadhani mfumo ni watu watakaohamia ndani ya kompyuta. Wapya wakihamia, waliomo wataenda wapi? Humo ndani nilikuwa nimemchora paka, siri yangu, na kusema naona haya. Siku hizi najua ningeomba tu anakiliwe kwenye disketi.

Ami akanigeukia. "Zuhura, wewe wasemaje?"

"Tungoje," nikanong'ona.

Bibi akacheka. "Waona? Hata huyu ajua leo ni Jumatano!"

Ami akazitia disketi kwenye droo. Nami nikabaki nimekodolea macho kioo cheusi, sijui paka wangu nimwambieje kuhusu kesho, Alhamisi, wapya watakapoweza kuhamia.