Soksi Zangu Kwenye Mashine ya Moyo

Hii aibu nimeikalia miezi mingi, lakini kwa vile niko hai kuisimulia, wacha niitoe tu mcheke.

Mimi nimefundisha michezo shule moja huku Kalama mpaka nikastaafu, na kwa paredi nilikuwa mkali: ukija na soksi imetoboka, raundi mbili za uwanja, hata kama ni mtoto wa chifu. Sasa kifua kikaanza kunibana kila nikipanda mlima kutoka shambani, daktari akasema niende Machakos mjini nitembezwe kwenye mashine ya mkanda huku moyo ukipimwa, ndio ijulikane kama mishipa imeziba. Asubuhi bibi yangu, Mama Mwende, akaniambia, "Baba Mwende, vaa raba." Nikakataa (hospitali kubwa niende na raba kama mtu anaenda kulima?), nikavaa viatu vya ngozi vya kanisa, na soksi sikuziangalia, kwani nani ataziona.

Kumbe msichana wa mashine ni Kavata, nilimfundisha mimi mwenyewe. Akanibandika nyaya kifuani, mkanda ukaanza kwenda, viatu vikateleza, nikashika vyuma vya kando kwa mikono yote miwili nikaning'inia hapo, na kwa vile sikusikia maumivu yoyote nikawatangazia Mama Mwende, aliyekuwa amenisindikiza, na watu wa foleni pale mlangoni, "Mmeona? Moyo wa mwalimu ni chuma."

Kavata akazima mashine. "Hayo si majibu, Mwalimu. Umetembea na mikono, na vile umekaza misuli mistari yote ya moyo kwenye mashine imechafuka. Moyo wako sijauona. Vua hivyo viatu."

Nikasema mguu unauma. Nikasema nitarudi wiki ijayo. Mama Mwende akatoa raba kwa kiondo (alikuwa amezibeba, huyo mama ananijua), akainama akanivua kiatu mwenyewe, na vidole vitatu vikatoka kusalimia foleni.

Kavata, kwa heshima kabisa, akaniuliza, "Mwalimu, soksi ikitoboka ilikuwa raundi ngapi?"

"Mbili," nikajibu.

"Umemaliza moja. Pumzika, halafu twende ya pili, bila kushika."

Foleni ilicheka mpaka mama mmoja akashika kifua (naye alikuwa amekuja kupimwa). Raundi ya pili nikaachilia vyuma, na dakika chache tu kifua kikanibana vile vile kama mlimani, Kavata akasimamisha mashine, akaita daktari, na hapo hakuna aliyecheka. Mshipa mmoja ulikuwa karibu kuziba kabisa. Ningeenda nyumbani na ile raundi ya mikono, mngenizika mkisema nilikuwa na moyo wa chuma.

Mshipa ulifunguliwa, nashukuru Mungu, na jana nilipanda ule mlima mpaka juu bila kusimama, nikaita majirani watoke wanione. Viatu vya kanisa vimebaki vya kanisa. Kavata nimemwomba msamaha kwa zile raundi zote nilizompa akiwa mtoto, akaniambia alishazisahau. Huo ni uongo, na nitamshukuru maisha yangu yote kwamba hakusahau.