Ndege Iliyoachwa Angani Saa Kumi na Moja

Kamati ya kuniaga ilikuwa na nia njema, hilo nalikubali mpaka leo. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo kikuu Marekani kwa sababu ya miguu yangu, baada ya miaka mitatu ya kukimbia kwenye vumbi la Kaptagat, na kanisa letu la Yamumbi likaona si vizuri niondoke kimyakimya. Wakaamua kuita gari la sinema. Mmoja wao akatoa wazo kwamba kwa vile msichana anakwenda kupanda ndege, sinema nayo iwe ya ndege. Wote wakaafiki. Hakuna aliyeuliza hiyo ndege ilipatwa na nini.

Siku hizo watu hawakukusanyika hivi hivi tu, hata kutazama sinema. Naibu chifu alikuwa na kibali mfukoni, kimepigwa muhuri: kuanza saa nane, kumaliza saa kumi na moja. Mwenyekiti wa tawi la chama akasimama kwanza, kidole kimoja juu, akatuhutubia juu ya amani na umoja mpaka projekta ikapoa. Alipoketi, nusu ya muda wetu ilikuwa imekwisha.

Madirisha ya kanisa yalizibwa kwa blanketi. Mwalimu mmoja alisimama kando ya shuka nyeupe kututafsiria. Alianza na maandishi ya mwanzo: kwamba mambo haya yalitokea kweli, na yametoka kinywani mwa rubani mwenyewe. Kisha injini zikaanza kuzima, moja baada ya nyingine, juu ya bahari. Abiria wakalia. Marubani wakafokeana huku taa nyekundu zikiwaka kila mahali, na rubani mkuu akajigonga, damu ikamtiririka usoni. Mama alikuwa ameketi kando yangu na alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Alikishika mpaka kikaniuma.

Hapo ndipo naibu chifu alipotazama saa yake akasimama.

"Kibali imeisha," akasema.

"Mzee, wacha tu watue," mtu mmoja akamwomba.

"Watatua wiki ijayo, mkichukua kibali ingine."

Blanketi zikatolewa, jua likaingia, na ile ndege tukaiacha huko juu na watu wake wote. Gari la sinema lilikuwa linatarajiwa Kitale asubuhi yake. Nilimchukia yule mzee, na sioni haya kusema hivyo.

Mama hakuniachia mkono njia nzima. Tulipofika nyumbani alitoa pasipoti yangu kwenye mkebe wa stakabadhi, akaifunga katika pindo la leso yake.

"Huendi," akasema.

Baba alikuwa amefariki nikiwa mdogo, kwa hivyo neno la Mama likawa ndilo la mwisho. Zilikuwa zimebaki wiki mbili nisafiri. Nililia, nikasusa kula, nikamwambia sinema ni uongo mtupu. Hilo la mwisho ndilo lililomkasirisha, kwa maana mwalimu alikuwa amesoma mbele ya watu wote kwamba ni kweli. Na Mama hakuwa mtu wa kuchezea neno hilo. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa kwenye kibanda wanakoyaleta wakulima. Kile kipimo chake cha kioo kikizama kupita alama, alijua umeyatia maji, akakurudishia mkebe wako hata kama wewe ni mzee wa kanisa.

Ndipo nikamkumbuka fundi. Alikuwa akitengeneza zile ndege ndogo za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano, na siku ile aliketi nyuma yetu akisonya toka mwanzo mpaka mwisho. Jumapili baada ya ibada nilimleta nyumbani. Mama akampa chai na kumwendea moja kwa moja.

"Ile sinema ilikuwa ya kweli?"

"Iko na ukweli, Mama. Si yote."

"Basi niambie maziwa ni gani na maji ni gani."

Fundi akaweka kikombe chini. Injini kuzima ni maziwa, alisema, hutokea. Lakini ndege haianguki kama gunia. Inateleza ikishuka, kama gari lililozimwa kwenye mteremko, na rubani anapata muda wa kutafuta pa kutua. Kufokeana nako ni maji matupu. "Wako na kitabu. Mmoja anasoma, mwingine anafanya. Hakuna nafasi ya kelele." Akatuambia jinsi ndege moja ilivyozima injini juu ya ngano yeye akiona, ikalala katikati ya shamba. Yeye na wenzake walipofika mbio wakihema, walimkuta rubani ameketi juu ya bawa, akawauliza nani amekuja na spana.

"Na chai?" Mama akauliza.

"Chai gani?"

"Yule mama wa kofia alikuwa na kikombe mbele yake. Ndege imepinda, watu wanaanguka, na chai haimwagiki."

Fundi akacheka mpaka akajifuta macho. Alikiri hata yeye hakuiona hiyo.

"Sasa, hawa watu walifika?"

"Hapo sijui, Mama. Sikuona mwisho, kama wewe tu."

Nilitamani adanganye, kidogo tu. Mama alichochea moto, kisha akanigeukia.

"Mwalimu alisoma nini pale mwanzo?"

"Kwamba ni kweli. Kwamba imetoka kinywani mwa rubani."

"Huyo rubani aliongea lini, kama alikufa?"

Fundi akakishika tena kikombe chake.

"Na anakaa mbele kabisa," Mama akaendelea. "Kama wa mbele alifika, wa nyuma walifika pia."

Fundi alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu, akaufunga. Hesabu hiyo ilikuwa na shimo, maana rubani anaweza kupona peke yake, na sote wawili tuliliona. Mama alifungua pindo la leso, akaniwekea pasipoti mapajani. "Ukifika, uniandikie vile ilikuwa," akasema. "Usiniongezee maji."

Nilimwandikia wiki ya kwanza. Nilimwambia kwamba juu ya bahari ndege ilitikisika, kwamba chai yangu yote ilinimwagikia kwenye sketi mpya ya kanisa, na kwamba nilimwita yeye kwa sauti mbele ya wazungu. Hakuna aliyefokeana. Tulitua.

Jibu lake lilichukua mwezi mzima. Siku lilipofika ndipo nilipojua kwamba lile shimo naye aliliona, na kwamba muda huo wote, kila asubuhi, alikuwa akipima maziwa ya watu huku ndege yangu ingali angani.

"Barua nimepima," aliandika. "Ni maziwa. Sasa nimelala."