Wanyama wa Mzee Muthomi Wapelekwa Shule

Mzee Muthomi alistaafu ukarani wa serikali akiwa na upara unaong'aa, shamba la maharagwe kule Burat, na uhakika kwamba Isiolo nzima ilikuwa imepotoka ikimngojea yeye ainyooshe. Alianza kuinyoosha kwa hadithi za wanyama. Kila Jumapili, watoto wa kanisa walipokusanyika, aliwasimulia habari za mifugo, na kila mnyama alikuwa na cheo chake kisichobadilika: mbwa mwaminifu, paka mwizi, mbuzi mvumilivu, punda mvivu.

Kwa bahati ya ajabu, mafunzo ya hadithi hizo yalimhusu kila mtu isipokuwa msimulizi. Mkewe, Karimi, alipoanza kuuza sukuma wiki sokoni, Jumapili hiyo hiyo ikazuka hadithi ya kuku aliyeacha vifaranga akaenda kuzurura, navyo vikaliwa na mwewe. Vifaranga vya Karimi vilikuwa watu wazima wenye ndevu na kazi Nairobi, lakini hadithi ni hadithi. Jirani yao Nurto, aliyepeleka maziwa mtaa wa Chechelesi kila asubuhi kwa mkokoteni wa punda, naye hakusahauliwa. Yake ilikuwa ya punda aliyepiga kelele alfajiri akawaamsha wenye akili, halafu mchana kutwa akagoma kufanya kazi. Karimi alimhadithia wakiwa njiani kwenda kuuza, na Nurto akacheka mpaka akashikilia mkokoteni.

"Mwambie mzee wako punda amesikia," alisema. "Anaomba msamaha."

Basi shule moja ya chekechea mjini ikaandaa siku ya wazazi, na mwalimu mkuu akamwalika Mzee Muthomi aje asimulie. Mtu mwingine angevaa koti akaenda. Yeye aliona maneno matupu hayatoshi. Wanyama waje wenyewe watoe ushahidi. Mbwa alikuwa naye, jina lake Askari. Paka na mbuzi alikuwa nao pia. Punda ndiye aliyekosekana, kwa hiyo ilimbidi azunguke ua akaombe.

"Salaam aleikum, mzee," Nurto alimkaribisha. "Leo unamtaka yule mvivu?"

"Ni kwa ajili ya watoto, mama."

"Mchukue. Lakini nitakuja naye. Hajazoea kutukanwa akiwa peke yake."

Siku ilipofika, uwanja wa shule ulijaa wazazi kwenye viti vya plastiki. Mzee Muthomi alisimama mbele, akaweka sahani ya nyama choma karibu na pua ya Askari.

"Watoto, tazameni! Mbwa mwaminifu hagusi kitu cha bwana wake, hata akiwa na njaa."

Akawageukia wazazi ili wauone vizuri uso wa mtu aliyelea mbwa kwa maadili. Alipogeuka tena, sahani ilikuwa safi kuliko ilivyotoka jikoni.

"Amekula!" watoto walipiga kelele.

"Ameonja tu," alisema Mzee Muthomi. "Alitaka kuhakikisha haina sumu. Huo ndio uaminifu wenyewe."

Paka mwizi alifunguliwa mbele ya bakuli la samaki wadogo wa omena. Aliinusa, akapiga miayo, akajikunja kivulini akalala. Mzee alieleza kwamba huo ni ujanja wa wezi. Wakati anaeleza, mbuzi mvumilivu alimaliza shada la maua la mgeni wa heshima na kuanza kitambaa cha meza. Punda naye, aliyekuwa amepangiwa kugoma, alivutwa akaenda, akasimamishwa akasimama, na watoto walipomkimbilia wampande, aliinamisha kichwa akawaacha wapande. Nurto alishika kamba akitazama pembeni, kwa adabu.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Hamdia, aliinua mkono. "Mzee, sasa mwizi ni nani? Paka ama mbwa?"

Wazazi waliangua kicheko. Miaka yote ya ukarani, swali gumu Mzee Muthomi alilielekeza dirisha la pili. Hapa hapakuwa na dirisha la pili. Akavua kofia, akamkimbiza Askari nayo. Askari, ambaye hakuwahi kucheza na bwana wake hata siku moja, alifurahi sana. Akamzungusha uwanja mzima huku mkia ukipepea, hadi mzee alipojikwaa kwenye kamba ya mbuzi na kuanguka chali. Kifundo cha mguu kikateguka.

Hakuweza kupanda boda boda kwa maumivu. Wakamlaza kwenye mkokoteni wa maziwa, wakampitisha zahanati kufungwa bendeji, kisha punda akamvuta polepole hadi Burat, mji wote ukisalimia. Njia nzima Nurto alizungumzia mvua tu. Hilo lilimuuma mzee kuliko mguu. Angalau angemtukana, wakalipana.

Walipokaribia nyumbani, aliuliza, "Mama, huyu punda anaitwa nani?"

"Barwaqo. Kwetu maana yake ni neema."

"Jina zuri," alisema Mzee Muthomi, kama mtu anayemeza kwinini.

Jumapili iliyofuata Karimi ndiye aliyesimama mbele ya watoto, mumewe amekaa nyuma, mguu juu ya kiti. Aliwasimulia habari ya bwana mmoja aliyewapeleka wanyama wake shule. Aliigiza mbwa, akaigiza mbuzi, akaigiza kuanguka hadi leso ikamtoka kichwani. Watoto walilia kwa kucheka.

"Sasa tujifunze nini?" mmoja aliuliza, kwa mazoea.

Karimi aliifunga upya leso yake. "Hakuna. Alianguka tu."

Wakataka isimuliwe tena. Mara hii Mzee Muthomi, aliyekuwa ameinamisha uso tangu mwanzo, alimkatiza mkewe mahali pamoja: nyama ile, alisema, ilikuwa ya mbavu, tena laini, na mbwa yeyote mwenye akili angeila. Kisha akacheka, akiwa bado ameshika mguu wake.