Bembea Iliyosimama Juu ya Mnada wa Kishapu

Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo ufundi wa kutunga sina. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho haya haya, ambayo hata leo yanatia uzi kwenye sindano bila miwani huku wajukuu zangu wakihangaika. Anayetaka kucheka acheke. Wenzangu tuliopanda siku zile wengine bado wapo, na hakuna hata mmoja anayependa kuyazungumzia.

Tena msidhani ni habari ya usiku na popo. Ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma utosi, mnada umejaa watu na ng'ombe.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni ya foleni, kanga unaivaa mpaka inaonyesha mgongo. Msimu wa pamba mtu mmoja alikuja mnadani Kishapu na gurudumu. Tuliliita bembea kwa kuwa hatukuwa na jina lingine. Lilikuwa na nguzo mbili za mti, ekseli ya lori katikati, na duara la mbao refu kupita paa la ghala la pamba. Visanduku vinne vilining'inia, kila kimoja watu wawili. Mwenyewe alilizungusha kwa mkono mmoja. Sikuwahi kumwona akitoka jasho, na mimi ni mtu wa kutazama jasho la mwanamume.

Mwanzoni tulipanda kama watoto. Ninyi wa maghorofa hamwezi kujua. Kishapu ni tambarare. Mtu anazaliwa mpaka anazeeka hajauona utosi wa mwenzake kutoka juu. Kule tuliona migongo ya ng'ombe, tukaona nani ameficha upara chini ya kofia. Wanawake walipiga kelele, na kelele zile ziliita wengine. Kitu kikipigiwa kelele kinajiuza chenyewe. Mimi nimeuza vyungu mnadani miaka thelathini, hilo nalijua.

Lakini bembea nyingine tulishaziona kwenye sherehe za Sabasaba kule Shinyanga mjini, zinazunguka, unashuka, unasahau. Huyu bwana alikuwa na lake. Kila kisanduku kilipofika juu kabisa alikisimamisha. Kidogo tu, muda wa kumeza mate mara tatu. Kisha anakishusha.

Mama Holo, mke wa mhunzi, ndiye wa kwanza kushuka kimya.

"Nimeona kwangu," akasema. "Baba anafunga ua wa miiba."

Tulicheka. Kwake ni mwendo wa saa mbili na katikati kuna kile kilima chetu kimoja. Jicho gani linapita kilima? Na baba yake tulimzika mwaka wa njaa, mimi mwenyewe nilibeba maji ya msibani.

"Mayu, mama yangu, hiyo ni pombe ya mtama," mmoja akamwambia. "Kesho kunywa uji."

Aliyemfuata akashuka kimya vile vile. Alimwona dada yake anapepeta. Wa tatu alimwona bibi yake. Mpaka jioni tulikuwa tumeelewa: ukisimamishwa pale juu unaona uani kwako, na unaowaona ni marehemu wako tu. Wazima hawaonekani.

Mwenye akili angekimbia, si ndiyo? Sisi tulipanga mstari. Jumapili katekista akakataza kanisani, akasema anayepanda asije kwenye komunyo. Siku ya mnada mstari ulifika kwenye mizani ya pamba, na katekista alikuwemo, amejifunika koti kichwani kama mgonjwa wa malaria.

Sasa nieleze shida yangu. Mume wangu, Baba Kabula, alikuwa amekwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu. Msimu wa kwanza alituma kitenge. Wa pili alituma salamu. Wa tatu, kimya. Shemeji yangu Jilala akaanza kuja nyumbani kila jioni, anatazama zizi kuliko anavyonitazama mimi. Alitaka tukae msiba, ninyolewe nywele, kisha yeye anirithi mimi pamoja na ng'ombe kumi na mmoja. Mimi nikasema mtu hajafa, mnanyoa nini?

Aliposikia habari za bembea akaja na wazee wa ukoo, anatabasamu.

"Shemeji, twende mnadani," akasema. "Kwetu Usukuma mtu akifa masamva wake wanarudi nyumbani, hata kama alifia majini. Hilo tunakubaliana?"

"Tunakubaliana."

"Basi panda. Ukimwona kaka uani, kesho tunanyoa. Usipomwona, nanyamaza."

"Utanyamaza kweli, wewe?"

"Mbele ya wazee hawa."

Nikakubali. Kwetu kila mji una kijumba cha masamva, mizimu ya ukoo, uani, na cha ukoo wao kilikuwa kwangu kwa kuwa mume wangu ndiye mkubwa. Angekwenda wapi pengine? Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Hivyo ndivyo Msukuma yeyote angefikiri.

Zamu yangu ilipofika nilimuuliza mwenye bembea, maana ulimi wangu haulali.

"Baba, watu wanaipendea nini hii bembea yako?"

"Naisimamisha," akasema. Kiswahili chake hakikuwa cha pwani wala cha bara. "Wenzangu wanakimbiza. Mtu akikimbizwa anafurahi, akishuka amesahau. Akisimama, anatazama. Aliyetazama anarudi."

"Na wewe ukipanda unamwona nani?"

"Sijawahi kupanda."

"Kwa nini?"

"Nani atanizungusha, mama?"

Nikaingia peke yangu. Kisanduku kikapanda. Sikupiga kelele. Kilipofika juu kikasimama, mnada ukanyamaza kama mtu amefunga mlango, na nikaona uani kwangu karibu kama ninavyoiona karatasi hii.

Mama mkwe alikuwa anafagia. Alikuwa na mkono wa mvivu alipokuwa hai, na vumbi alikuwa analisukuma chini ya ghala la mtama vile vile. Pembeni ya ghala aliketi mwanangu wa kwanza, yule aliyechukuliwa na surua kabla hajaota meno yote. Alikuwa anakula udongo. Sitaandika zaidi juu yake.

Nikamtafuta mume wangu. Karibu na mlango kuna jiwe alilokuwa akikalia kila jioni kuosha miguu. Alikuwa na utaratibu wake: anaanza na wa kushoto, anasugua kisigino kwa gae la chungu, ndipo anahamia wa kulia. Miaka yote ya ndoa sikumwona akianza na wa kulia. Nikalitazama lile jiwe. Lilikuwa tupu na kavu. Nikatazama zizini, nyuma ya jiko, mlangoni kwa kijumba cha masamva. Hayupo.

Niliposhuka Jilala alikuwa ameshika nguzo.

"Haya?"

"Hayupo."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama mpaka zizini, mahali unapopapenda. Hayupo. Ndugu yako ni mzima."

Wazee wakacheka. Jilala akanyamaza kama alivyoahidi, na hilo nampa sifa. Mnada uliofuata bembea haikuwepo. Tulikwenda kutafuta mashimo ya zile nguzo. Ardhi ilikuwa imeshikana kama sakafu, haikuwa na shimo hata moja.

Nikaishi kama mke wa mtu mzima wa afya. Nililima pamba ekari mbili kwa ng'ombe wale, nikamsomesha Kabula, nikafukuza wachumba kwa mchi. Kila jioni niliweka maji kwenye beseni karibu na jiwe, akitokea akute. Watu walinipita wakisema mwanamke yule ana uhakika. Nilikuwa nao. Si nilitazama mwenyewe?

Misimu miwili baadaye, mchana, akaja mwanamke mgeni na mtoto wa kike wa miaka mitatu au minne. Alipiga magoti pale mlangoni.

"Shikamoo, dada."

Nilikuwa natazama masikio ya mtoto. Masikio yale, mapana, yamesimama kama ya mbuzi, nilikuwa nimelala nayo mto mmoja miaka tisa.

Mwanamke akasema ametoka Nyarugusu. Baba Kabula alifukiwa kwenye duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na hawakuweza kumtoa. Nikamuuliza lini. Akataja msimu. Ulikuwa ni mwaka mzima kabla sijapanda bembea.

"Unasema uongo," nikamwambia. "Mimi nilitazama. Hakuwepo hapa."

Akainamisha kichwa. Kisha akauliza polepole, "Ile bembea ilifika kwenu pia?"

Nikakaa chini.

"Kwetu ilikuja baadaye," akasema. "Nilipanda kumtazama mama yangu. Nikamwona na yeye. Yuko mlangoni kwangu, ameketi kwenye jiwe, anaosha miguu. Nilijua hakuna tumaini tena, nikaona nimlete mtoto ajue kwao."

"Alianza na mguu gani?"

Akanitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Kisha akaelewa, kwa kuwa na yeye alikuwa mke.

"Wa kushoto," akasema. "Anasugua kisigino kwa gae."

Basi. Nilinyoa nywele kesho yake, mwenyewe, kwa wembe wa Kabula wa kuchongea penseli. Jilala hakudai kitu. Wakati ule alikuwa ameoa kwingine na mgongo umemkaa vibaya. Ng'ombe walibaki wangu. Yule mwanamke alikaa kwangu siku nne, akarudi kwake, na kila mwaka tulimpelekea mtama. Yule mtoto leo ana watoto watano na ananiita mama. Simlaumu mtu. Ila maziwa ninayomwaga kwenye kijumba cha masamva nayamwaga kwa ajili ya mama mkwe na mwanangu. Yule mwingine ana pa kunywea.

Nimeona mengi ya kuumiza, njaa, surua, vita. Hakuna lililonikaa kama jiwe lile kavu. Ningejua kwamba amekufa, ningelia nikamaliza. Mimi nililifurahia. Nilishuka nikitamba mbele ya wazee.

Juzi wajukuu walinipeleka Mwanza kwenye uwanja wa michezo. Kuna gurudumu la umeme, lina taa, lina muziki, na mstari wa watu kama wa sabuni enzi zetu. Wakaniambia, "Bibi, panda, linasimama juu kidogo ili watu waone ziwa." Nikawaambia wapande wao, mimi nitashika viatu.

Nanyi mnaosoma, mkitaka kupanda pandeni, siwezi kuwazuia. Hata katekista alishindwa. Likisimama juu, tazameni ziwa, tazameni upara wa watu. Msitazame kwenu. Mtu anadhani ataumia kwa atakaowaona pale, kumbe ni kwa asiyemwona.

Mimi wanangu nimeshawaambia. Nikifa msipate taabu ya kunitafuta. Nitakuwa hapa uani, mlangoni mwa jiko, nawasimamia wanaofagia.