Kabla Ngozi Haijakauka

Mwanangu, upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana, hunirudia siku moja kule kijijini kwetu Kiringye, nikiwa msichana wa kuchumbiwa. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya mavuno, siku ya kupeleka mtama mpya kanisani kwa ngoma, na ngoma yetu haikuwa na ngozi.

Mjomba wangu, fundi wa kuwamba ngoma, alikuwa na ngozi moja tu ya ng'ombe, ameiloweka tangu juzi. Ngozi huvutwa ikiwa mbichi, kigingi kimoja huku, kingine upande wa pili, bila kupumzika. Ikikauka kabla hujamaliza inapinda, na ngoma inalia kama debe.

Katikati ya kazi mkono wa mjomba ukamkatalia. Nyundo ikaanguka. Wapigaji wa ngoma walikuwa wamekaa wakimtazama. Hata mmoja hakujua kuwamba, kwao raha ilikuwa kupiga. Mimi ndiye niliyemshikia vigingi tangu utotoni.

"Njoo," akaniambia.

Nikaficha mikono ndani ya kitenge. Kwetu mwanamke hagusi ngoma. Mpigaji mmoja akasema, "Ngoma yenye kuguswa na mwanamuke haitaitika. Tutakulaumu weye."

Niliogopa, sikufichi.

"Weye unaogopa ngozi, ao unaogopa batu benye kukutazama?" mjomba akafoka. "Batu batakungojea. Ngozi haikungojee, iko nakauka!"

Nikaokota nyundo. Nilipiga huku machozi yananitoka, yeye akinielekeza kwa kidevu, upepo ukizidi. Kigingi cha mwisho kiliingia ngozi ikiwa imeshaanza kukakamaa. Usiku ule sikulala.

Asubuhi hakuna aliyethubutu kuipiga. Mjomba akampa fimbo mpigaji yule yule aliyenitisha. Akapiga. Ngoma ikaitika, kuku wa jirani wakatawanyika! Mjomba akalia mbele za watu bila haya, nami nikalia naye. Hakuwamba tena; tangu siku hiyo nikawamba mimi.

Mwanangu, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Walichosahau kusema ni kwamba mkunjaji naye ana siku zake. Ujuzi wa wazee wako uchukue mikono yao ingali na nguvu, wala usingoje ruhusa ya wanaotazama tu.

Sasa mkono wangu nao umeanza kutetemeka. Mavuno yamekaribia, na ngozi iko majini. Mungu akupe mikono imara, akuondolee hofu ya macho ya watu.

Njoo ushike nyundo.